Farasi wa Kuanguka

Ashrafu Kondo alipata kampuni kabla hajapata farasi. Katika miaka ile ya soko huria hilo halikuwa jambo la ajabu. Kibiti ilikuwa na kampuni ya kusafirisha kamba wa baharini isiyokuwa na barafu, na kampuni ya utalii ambayo mwenyewe hakuwahi kuvuka mto. Ashrafu alikuwa akiuza mitumba karibu na stendi. Aliposikia kwamba Wazungu wanakuja kupiga sinema ya vita vya Wajerumani bondeni Rufiji, na wanamtafuta mtu wa kuwaletea farasi, alikwenda kuchonga muhuri. Kisha akanunua lori bovu, akalitengeneza, akaandikisha ubavuni kwa rangi nyekundu: KONDO FILAMU NA FARASI. Hapo ndipo alipomkumbuka binamu yake Rukaiya, ambaye alikuwa na farasi kweli.

Rukaiya Mfaume alisomea mifugo, akaajiriwa katika shamba la serikali nyanda za juu, ambako wachungaji walizungukia ng'ombe wakiwa juu ya farasi. Shamba lilipobinafsishwa, mnunuzi alitaka ardhi na ng'ombe. Farasi aliwaweka kundi moja na wafanyakazi, yaani vitu vya kupunguzwa. Rukaiya alipunguzwa pamoja nao, akaondoka na watatu, akahamia viunga vya Dar es Salaam na kuanza kuwafundisha kazi ya kamera. Televisheni ilikuwa ndiyo kwanza inaingia, na watu wenye sabuni za kuuza walikuwa wamegundua kwamba farasi huuza chochote. Farasi wake mmoja alimbeba bibi harusi katika tangazo la mafuta ya nywele. Mwingine alisimama nyuma ya mwanasiasa aliyekuwa akiogopa kumgusa. Rukaiya aliidharau kazi hiyo na aliifanya vizuri kuliko mtu yeyote nchini, jambo ambalo halikuwa gumu, kwa sababu hapakuwa na mwingine.

Aliyemlisha hasa alikuwa Lulu, jike la rangi ya kahawia lenye doa jeupe puani. Lulu alijua kuanguka.

Hakuna farasi anayependa kuanguka. Mnyama aliyelala ubavu ni mnyama anayeliwa, na farasi analijua hilo bila kufundishwa. Kwa hiyo Rukaiya alianza na ardhi. Alilima kiwanja, akachanganya mchanga na pumba za mpunga mpaka mtu akitupwa pale anainuka akicheka. Alimfunga Lulu mguu mmoja wa mbele kwa kitambaa laini, akamwinamisha pole pole, na kila alipolala alimpa kipande cha muwa. Ilipita zaidi ya misimu miwili ya mvua kabla Lulu hajaweza kuja mbio, akavutwa hatamu ya kulia, akageuza shingo na kujiangusha kwa bega la kushoto kana kwamba amepigwa risasi. Watazamaji walishika midomo. Lulu alikuwa anawaza muwa.

Katika muda wote huo hakuangushwa hata mara moja mahali pagumu. Aliiamini ardhi kwa sababu alimwamini mtu aliyemleta juu yake, na imani hiyo ikishavunjika muwa hauirudishi. Rukaiya hakuiita hiyo mapenzi. Watu waliotaka kumsifu walisema anawapenda wanyama, naye aliwaacha waseme. Kwake Lulu alikuwa kazi ya miaka iliyowekwa ndani ya kichwa kimoja, na kichwa hicho hakikuwa na nakala.

Kwa sababu hiyo alipofika Kibiti alikuja na masharti.

"Karibu, binti mjomba," Ashrafu alisema, akiwatazama farasi wakishushwa. "Hawa ndio? Mbona wamekonda kama wewe?"

"Wanafanana na mwenyewe. Wewe unafanana na muhuri wako, duara tupu. Nimesikia una kampuni. Iko wapi?"

"Unaongea nayo."

Waliongea hivyo tangu utotoni. Mama yake Ashrafu alikuwa shangazi yake Rukaiya, na kwao mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi ni watani. Wanatukanana mbele za watu, na mmoja akipita na kuku wa mwenzake haitwi mwizi. Anayekasirika ndiye anayechekwa. Rukaiya aliuona utani kuwa mpango mzuri kwa watu wenye kuku.

"Sikiliza sasa, huu si utani," alisema. "Watalala ndani ya chandarua nilichokuja nacho. Watafanya kazi kwenye mchanga wa mto, mahali peupe penye upepo, si kando ya kichaka. Na mgongoni hawavai kitu cha bluu wala cheusi. Nyeupe tu."

"Kwa nini bluu?"

"Mbung'o anaipenda."

"Kwa nini anaipenda?"

"Hajaniambia. Imepimwa."

Ashrafu alicheka, akaahidi. Aliahidi kwa urahisi wa mtu ambaye hana nia ya kukumbuka. Lakini yeye, kuliko mtu yeyote, alipaswa kuelewa. Kibiti nzima wakati ule haikuwa na ng'ombe, na sababu yake ilikuwa inaruka mchana kweupe. Miaka michache nyuma mradi mmoja ulikuja kupambana na mbung'o. Walisimika fremu za mbao kando ya msitu, wakazivisha vitambaa vya bluu na vyeusi vilivyochovywa dawa, ili mbung'o avutwe na rangi, atue, afe. Mpango ulikuwa wa akili, ila ulisahau kwamba rangi ile ile ndiyo ya sare za shule. Kitambaa kilikuwa kizuri, hakichuji. Rukaiya alipokuja na lori kutoka Dar alizihesabu fremu zile kama mifupa, zote ziko uchi, kisha akakutana na kundi la wasichana wa shule ya msingi waliovaa sketi za bluu iliyokolea, wakikimbia huku wakijipiga miguuni kwa vitawi vya majani. Nusu ya darasa walikuwa wamevaa mitego, na dawa ilikuwa imekwisha kufuliwa ndooni siku nyingi.

"Nani anazishona sketi za bluu hapa?" aliuliza.

"Sikudhani, yule fundi cherehani wa sokoni," alisema Ashrafu. "Mwanamke hodari. Hakuna kinachopotea kwake."

Rukaiya aliendelea kutundika chandarua. Kuna ujinga unaostahili kusahihishwa na kuna unaostahili kutazamwa tu, na kwa muda mrefu alikuwa ameuweka ujinga wa Kibiti katika aina ya pili.

Siku ya kwanza ya kazi ilikwenda sawasawa. Mahali palikuwa mchanga mpana wa mto, ng'ambo ya mji wa Utete, na Rukaiya aliulima mwenyewe kabla wengine hawajanywa chai. Zaidi, mpanda farasi wake, mtu mwembamba wa makamo aliyekuwa amevunjika mitulinga ya mabega yote mawili katika maisha yake na hakulaumu farasi yeyote, alivaa koti la afisa wa Kijerumani. Lulu alikuja mbio, akavutwa, akaanguka. Vumbi lilipanda, Zaidi akabingirika, na Lulu akabaki amelala na jicho moja wazi akimtafuta mwenye muwa.

Mwongozaji hakuridhika. Alikuwa mzee mrefu aitwaye Lorens, aliyejifunza Kiswahili kitabuni na kukitumia polepole, kana kwamba kinaweza kuvunjika.

"Ni nzuri," alisema. "Lakini si kweli. Mimi ninataka ukweli."

Rukaiya alitazama madumu mawili ya damu ya rangi yaliyokuwa miguuni pa mzee huyo.

"Ukweli upi?"

"Vita vilikuwa msituni. Hapa ni kama pwani ya kuogelea. Tena hili tandiko jeupe linapotea katika mchanga, kamera haioni. Ninataka kule." Alionyesha ukingo wa kichaka, mahali mikole na miiba ilipoteremka hadi karibu na maji. "Na rangi. Bluu ya jeshi."

"Kule kuna mbung'o. Na chini kuna visiki."

"Vita vilikuwa na mbung'o pia."

"Ndiyo. Na farasi wao wote walikufa. Hicho nacho unakitaka?"

Lorens alifikiri kidogo, na Rukaiya aliona kwa uchovu kwamba alikuwa anafikiri kweli. Kisha mzee yule akamgeukia Ashrafu, kwa sababu mkataba ulikuwa na Ashrafu, na wakaondoka pamoja wakizungumza. Ashrafu alikuwa anatikisa kichwa kukubali hata kabla sentensi hazijaisha.

Jioni alimjia Rukaiya penye chandarua. Uso wake ulikuwa wa huzuni iliyopigwa pasi.

"Mama amelazwa Mchukwi, hospitali ya misheni. Presha. Wewe umefika Kibiti, umelala, umekula, hujamwona shangazi yako. Watu wameanza kusema."

"Watu gani?"

"Watu. Kesho Ijumaa, hakuna kazi. Wale tuliowavika uaskari wanakwenda msikitini. Nenda kamsalimu, binti mjomba. Nauli nimeshalipa."

Rukaiya hakujali watu walichosema. Lakini kwamba shangazi alikuwa amelazwa ilikuwa kweli, na kwamba hajamsalimu ilikuwa kweli, na mambo ya kweli alikuwa na desturi ya kuyatii hata yanapotoka mdomoni mwa Ashrafu. Asubuhi alimwambia Zaidi farasi wasitoke, akapanda pikapu iliyokuwa inapeleka mihogo.

Bi Mwanawetu alikuwa ameketi kitandani anakula chungwa. Presha ilikuwa imeshuka, ulimi haukushuka.

"Ndio unakuja leo? Nilifikiri hao farasi wako wamekuoa."

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Ashrafu kakutuma. Usinidanganye, namjua. Jana kasema anatuma mtu, nami nikasema, huyu lini kawa na huruma?" Alitema mbegu kiganjani. "Hata wajukuu wangu kawatia taabu. Nimeagiza sketi kwa Sikudhani, shule inafunguliwa, naambiwa kitambaa hakuna, mwanao kachukua chote cha bluu. Nikamuuliza, mwanangu, unafungua shule? Akacheka tu. Mie sijui kashona nini."

Rukaiya alikuwa bado amesimama. Aliweka matunda aliyoyaleta juu ya meza ndogo, akayapanga yasibingirike.

"Matandiko," alisema.

"Nini?"

"Kashona matandiko ya farasi. Shangazi, nitakuja tena. Sasa naondoka."

"Maji hujanywa."

"Nitakunywa njiani."

Njiani hapakuwa na maji wala gari. Ijumaa mchana barabara ya Kibiti ilikuwa mali ya mbuzi. Alitembea, akapata baiskeli ya kupakiwa, tairi likapasuka, akatembea tena. Hakukimbia. Kukimbia kungemfikisha amechoka, na kilichokuwa kinatendeka kilikuwa kimekwisha kutendeka. Alitumia muda huo kupanga dawa kichwani, kwa mpangilio wa zitakavyohitajika.

Alipofika, lori lilikuwa limerudi. Lulu alikuwa amefungwa nje ya chandarua, kichwa chini, na mgongoni bado ana kitambaa cha bluu kilichotiwa taraza za manjano pindoni. Sikudhani alikuwa amejitahidi. Pembeni ya kitambaa palionekana matundu ya misumari, pale kilipokuwa kimegongomewa kwenye fremu ya mradi. Tumbo la farasi lilikuwa na vivimbe, vingine vikitoka damu kidogo. Bega la kushoto lilichunika kwa upana wa sahani. Kati ya goti na kwato palikuwa na jeraha lenye kibanzi cha mti ndani.

Zaidi alikuwa ameketi chini, koti la afisa limeraruka kiwiko.

"Aliniambia umeruhusu," alisema. "Kasema mmekubaliana na umekwenda hospitali umeridhika."

"Eleza."

"Tulipofika kichakani mbung'o walitoka kama mvua. Wale farasi wengine wawili wana vitambaa hivyo hivyo lakini walikuwa mbali. Walimvaa huyu. Alikuwa anapiga teke, hasikii hatamu. Mzungu anasema tayari, tayari. Nikamwambia Ashrafu hapa chini hapajalimwa, kasema wamefagia." Zaidi alitazama mikono yake. "Nikavuta. Akaanguka, Rukaiya. Pamoja na yote yale, nilipovuta akaanguka."

Hilo ndilo lililomchukua Rukaiya muda kulipokea. Angeelewa kama farasi angegoma. Lulu alikuwa ameng'atwa, ameogopa, anaona visiki kwa macho yake, na bado alikuwa ameamini.

Alichemsha maji, akatoa kibanzi, akaosha, akafunga. Alimpiga sindano ya nagana, ugonjwa wa mbung'o; kwa farasi sindano hiyo ni mchezo wa bahati, na hilo alilijua kwa asilimia zake. Alipokuwa anamalizia Ashrafu alitokea, amebeba soda mbili.

"Binti mjomba. Mama hajambo?"

"Hajambo. Anauliza sketi."

"Aa." Aliweka soda chini. "Usikasirike. Nimechukua cha binamu yangu. Hata wewe ungechukua changu nisingesema kitu. Ni utani."

"Sijakasirika."

"Kweli?"

"Kukasirika nawawekea watu ninaowategemea."

Ashrafu alicheka, maana mtani akitukanwa hucheka. Kicheko kilimwishia kabla hajakimaliza.

Jumamosi Lorens alikuja mwenyewe, kofia mkononi. Mpigapicha wake alikuwa amemwambia mambo mawili. La kwanza, farasi alipiga mateke kabla ya bunduki kulia, kwa hiyo haikueleweka anakufa kwa nini. La pili, mbung'o mmoja alitembea juu ya kioo cha kamera tangu mwanzo wa picha hadi mwisho, naye ndiye aliyeonekana vizuri kuliko waigizaji wote. Picha irudiwe. Lorens alikuwa tayari kwa mchanga mweupe, tandiko jeupe na upepo, kama Bibi Rukaiya alivyosema.

Lorens na Ashrafu walikubali masharti yote ya Rukaiya. Aliwatazama wakikubali, mmoja kwa Kiswahili cha kitabu, mwingine kwa kichwa, na akaona kwamba walidhani masharti ni kitu cha kukubaliwa wakati wowote, kama mwaliko wa chakula.

"Mguu ukipona kidogo nitamleta," alisema. "Nataka kujua."

Hakuwaambia anataka kujua nini.

Uvimbe uliposhuka alilima mchanga upya. Safari hii alilima kwa kina zaidi, akamwaga pumba magunia, akaukanyaga peku kila mahali kutafuta kitu kigumu, hakukipata. Alimleta Lulu kwa mguu, bila mpanda farasi, akamsimamisha juu ya mchanga huo. Lulu alinusa. Zaidi alipanda bila koti, wakaenda mbali, wakaja kwa mwendo wa kuchezacheza. Penye mchanga laini Zaidi alivuta hatamu ya kulia.

Lulu aligeuza shingo kulia kama alivyofundishwa. Kisha akasimama. Miguu yote minne aliipanua, akaikaza, kwato zikazama katika pumba.

"Tena," alisema Rukaiya.

Walirudia. Alisimama. Walirudia kwa kutembea tu, na Rukaiya ameshika muwa mahali anapouona. Lulu aliutazama muwa, akamtazama mwenye muwa, masikio mbele. Hakuogopa wala hakukaidi. Alikuwa mtulivu kabisa, kama mtu aliyekwisha kusoma mkataba.

"Ana tatizo gani?" aliuliza Lorens.

"Hana tatizo."

"Lakini haanguki."

"Ulitaka ukweli," alisema Rukaiya. "Alikuwa anaamini uongo mmoja tu duniani, kwamba ardhi haiumizi, nao nilimfundisha mimi. Mmeuondoa."

Lorens alianza kusema kitu kuhusu fidia na Rukaiya akamwacha anasema. Alikuwa anamtazama Lulu, aliyekuwa sasa farasi wa kawaida, mwenye afya ya mashaka, kama maelfu ya wengine duniani. Kwa mara ya kwanza tangu afike alikosa mtu wa kumdharau kwa jambo fulani mahsusi. Ashrafu alikuwa amefanya kama Ashrafu. Zaidi alikuwa amedanganywa. Lakini fremu tupu za barabarani alikuwa ameziona yeye, na jina la fundi alikuwa ameliuliza yeye, akanyamaza kwa sababu kusema na watu wale kulikuwa chini yake.

Alimfungua Lulu tandiko, akampa muwa wote. Kisha akamwambia Zaidi awapakie farasi.

"Kwenye lori?" aliuliza Zaidi. "Lori la Ashrafu?"

"Ufunguo unaachwa humo humo. Anaogopa kuupoteza."

Ashrafu alikuja mbio wakati injini imeshawaka na farasi wa tatu amefungwa. Mchanga ulimvua kandambili moja.

"Binti mjomba, hilo lori ni la kampuni."

"Nilifikiri kampuni ni wewe."

"Nina kazi Jumatatu. Nimeahidi watu. Rukaiya, ile nyingine ilikuwa utani."

"Na hii je? Umesahau mwenyewe ulivyosema? Nikichukua chako hutasema kitu." Alifunga mlango. "Watu wanatazama. Usikasirike."

Wale waliovikwa uaskari walikuwa wanatazama kweli, na mmoja alikwisha kuanza kucheka, kama inavyotakiwa. Ashrafu naye alijaribu kucheka. Alikuwa ameshika kandambili kifuani.

"Utalirudisha lini?"

"Siku Lulu akianguka," alisema Rukaiya.

Walipita Kibiti bila kusimama. Mbele kidogo, mahali msitu unapoikaribia barabara, alimwambia Zaidi asimamishe. Alishuka na vile vitambaa vitatu vya bluu, akachana taraza za manjano, akavitundika kwenye fremu tupu, kila pembe kwenye msumari wake wa zamani. Matundu yalioana.

Zaidi alitoa kichwa dirishani. "Havina dawa. Vitawaua vipi mbung'o?"

"Havitawaua. Ni vya hapa."

Alirudi garini. Nyuma, Lulu alisimama na miguu imepanuka, kama farasi wote wanavyosimama ndani ya lori.

"Kona uzikate taratibu," alisema. "Asiyumbe."